Kompyuta Iliyochoka Saa Nne

Katika miaka ile ya soko huria, wakati ambapo karibu kila kitu kipya mjini Kilosa kilikuwa kimekwisha kutumiwa na watu wa nchi nyingine, chama chetu cha walimu kilipata kompyuta ya mtumba. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoanza kuganda, na skrini yake ilihitaji watu wawili kuibeba. Kijana wa kujitolea aliyetuachia mashine hiyo alikuwa mtu mwenye msimamo kuhusu virusi. Kwa hiyo ndani yake hatukuukuta mfumo uliozoeleka katika maduka ya Morogoro, bali Linux. Kila ilipowashwa, kabla ya jambo lingine lolote, alitokea juu ya skrini ndege mmoja mnene, amesimama wima, kifua cheupe na mgongo mweusi, na chini yake yakateremka maandishi mengi ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma yote. Mpiga chapa wetu alimwita ndege yule Wakili. Alisema ana joho na ana maneno mengi, na hatimaye hupati unachokitaka mpaka amalize.

Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha Mikumi, na saa zangu za mapumziko nikizitumia kulinganisha nakala za tenzi za kale, mstari kwa mstari, ili kuona ni wapi mnakili mmoja alimsahihisha mwenzake bila sababu. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye Linux, kwa kuwa ilikuwa na programu iliyojua kuupanga ubeti katika safu bila kuuvunja. Mwalimu aliyenifunza kazi ya nakala alikuwa na sharti moja, nami nimelishika hadi leo: usisahihishe neno ambalo hujalielewa, kwa maana huenda mgeni ni wewe. Nilidhani sharti hilo linahusu tenzi peke yake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa karibu na stesheni ya reli. Humo tulichapa mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi, na matangazo ya mikutano ya vijiji. Mpiga chapa alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mzaliwa wa ukoo uliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, ukapiga kambi upande wa Kilangali na hatimaye ukajenga. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Alikuwa wa kwanza kwao kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti, jambo ambalo baba yake hakuwa amelikubali bado. Mzee yule, kila mwisho wa mwezi, alimwuliza kama kijisanduku kile hakijamfukuza.

Basi siku moja dereva wa pikapu akaniletea salamu za mwenyekiti wetu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye umri wa kunizaa, ambaye kwa miaka mingi aliigonga kengele ya shule kwa mkono wake mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine kwa jambo la saa. Salamu zilisema: mashine inaumwa, kikao ni Ijumaa, na kabla ya kikao ingefaa nije.

Nilifika Alhamisi mchana, nimejaa vumbi la barabara ya kijiji cha Ulaya mpaka kwenye nyusi. Mpiga chapa alinipokea kwa maji ya kunawa na kwa malalamiko.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja wakati ambao haiumwi. Hii mashine ina adabu mbele ya wageni."

"Marahaba. Huumwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Kila siku ya Mungu. Nabonyeza herufi, inatokea baada ya mimi kuisahau. Kipanya nakivuta kama nakivuta kwenye tope. Sanduku linaunguruma kama mashine ya kukoboa. Karibu saa nzima, halafu linapona lenyewe."

"Na wewe hufanya nini?"

"Naenda kunywa chai. Ningefanya nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa msiba wake. Mweka hazina wa chama, mwalimu wa hesabu mstaafu, mwenyeji wa tambarare ile tangu enzi za babu zake, alikuwa ameyatazama mambo hayo mawili, chai na ugonjwa, akayapanga kinyume. Kwa maoni yake, mashine haikumfanya mpiga chapa aende kunywa chai. Mpiga chapa ndiye aliyeacha kitu ndani ya mashine, labda mchezo wa karata, kisha akaenda kunywa chai, na kitu hicho kikaila mashine. Alilisema jambo hili kwanza kwa utani, kwa sababu wenyeji wa bonde lile na watu wa kutoka ziwani ni watani, na mtani huruhusiwa kukwambia lolote. Mpiga chapa naye alicheka, kama desturi inavyomtaka. Kisha utani ule ukaandikwa kwenye ajenda ya kikao: *Mpiga chapa kuendelea au kutoendelea*. Alipoiona ajenda hiyo, aliniambia, alijikuta hajui tena kama anapaswa kucheka.

"Mwalimu," alisema, akishusha sauti ijapokuwa tulikuwa wawili tu, "nikirudi Kilangali, sitarudi kusimulia kwamba nimeshindwa na Wakili. Bora waniambie nimeiba."

Nilikaa kwenye kiti chake nikaanza kazi, polepole, kama nilivyofunzwa. Nilitazama nafasi iliyobaki katika diski: ilikuwa tele. Nilitazama kumbukumbu ya mashine: ndogo, lakini yenye kutosha kwa mitihani na kadi za harusi. Mchezo wa karata nilioukuta ulikuwa haujafunguliwa tangu yule kijana aondoke. Kisha nikafungua kumbukumbu za mfumo, yale maandishi ambayo Linux hujiandikia yenyewe, ikinakili kila tukio na wakati wake: nani ameingia, nani ametoka, kipi kimeanza, kipi kimekwama. Nilitaka kujua siku ya kazi ya mpiga chapa inaanza na kwisha lini. Nikasoma mstari mmoja, nikausoma tena.

Mweka hazina alikuwa ameingia bila mimi kumsikia. Alikuwa na kawaida ya kusoma juu ya bega la mtu, aliyoipata katika kusimamia mitihani.

"Mbili, sifuri, sifuri," alisoma. "Hiyo ni saa nane ya usiku, Mwalimu. Ndiyo?"

Sikuweza kusema siyo. Tarakimu za mashine huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, na kila msomi anajua kuzibadili. Kwa mujibu wa maandishi yale, mpiga chapa wetu aliingia kazini kila siku saa nane ya usiku, na akatoka saa tatu na nusu asubuhi.

"Mtani!" Mweka hazina alimgeukia. "Kumbe wewe ni popo! Babu zako walipita hapa enzi za misafara na mizigo ya watu kichwani, wakaona mabonde yetu mazuri, sasa wajukuu mmerudi kuyafanyia kazi gizani?"

"Na babu zako walikuwa wamelala kivulini wakituhesabu," alijibu upesi, kwa mazoea. Kisha uso wake ukabadilika. "Mimi? Saa nane usiku? Ufunguo si unabaki kwa Mama Mwenyekiti?"

"Ndiyo maana nauliza unaingiaje."

"Kwa mabawa, si umesema mimi popo?"

Mweka hazina alicheka kwa dhati, lakini kabla ya kuondoka alisema kwa upole kwamba jambo hilo atalazimika kulitaja kikaoni, kwa kuwa hesabu ni hesabu. Mpiga chapa alikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa.

"Mwalimu, uliitwa unitibu," alisema. "Umenichimbia shimo."

Lilikuwa neno la haki. Nilikuwa nimeleta chumbani ushahidi ambao haukuwepo kabla yangu. Nilimwambia kwamba nakala inayosema jambo lisilowezekana ndiyo nakala yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa maana kosa lake halijifichi. Alinitazama kama mtu anayepewa methali badala ya chakula, akaniuliza kama nitalala mjini. Nikasema nitalala, na kesho saa nne nitakuwa kwenye kiti hiki nikiutazama ugonjwa wenyewe usoni.

Ijumaa asubuhi nilipanga madirisha mawili juu ya skrini. Katika la kwanza niliendesha amri inayoorodhesha kazi zote zinazoendelea ndani ya mashine, ikiziweka juu zile zenye ulafi zaidi. Katika la pili nilizifungua kumbukumbu za mfumo kwa namna ya kuzitazama zikijiandika, mstari baada ya mstari, tukio linapotokea. Mpiga chapa alichapa mtihani wa Jiografia kwenye dirisha la tatu. Kando ya meza niliweka saa yangu ya mkononi, ya mishale, ili kila nitakachokiona nikiandikie wakati wake.

Saa nne ilipokaribia, harufu ya vitumbua ilianza kuingia kutoka kwa mama wa jirani. Saa ndogo iliyo pembeni mwa skrini ilionesha nne kamili. Hakuna kilichotokea. Mpiga chapa aliandika mito mikubwa mitatu ya Tanzania. Zikapita dakika mbili, na sanduku likaanza kuunguruma.

"Huyo!" alisema, akiinua mikono juu ya vitufe kama aliyeunguzwa.

Katika dirisha la kwanza, juu kabisa, lilitokea jina la kazi ambayo haikuwa ya mpiga chapa. Haikuwa na mhusika yeyote kati yetu: mwenyewe alikuwa ni mfumo. Niliitambua. Ndani ya Linux mna mtumishi asiyeonekana ambaye, mara moja kila siku, hupita katika diski nzima akiorodhesha kila faili, akifuta mabaki, akikunja maandishi yaliyozeeka. Ni mfagiaji wa ukumbi. Waungwana walioutengeneza mfumo huo wamempangia kazi yake saa kumi ya usiku, watu wote wakiwa wamelala, ili vumbi lake lisimwingie mtu puani.

"Basi si mimi," alisema mpiga chapa nilipomweleza.

"Si wewe. Lakini kwa nini anafagia mchana, wageni wakiwa wamekaa?"

Nilitazama dirisha la pili. Mstari mpya ulikuwa umejiandika wakati ule ule sanduku lilipoanza kuunguruma, na mwanzoni mwake palikuwa na wakati: 04:02. Nikashika kalamu niandike wakati huo kwa saa yangu. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Midomo yangu ikasema "saa nne na dakika mbili," kama midomo ya kila mtu aliyelelewa katika lugha hii inavyosema ikiuona mshale kwenye kumi. Mkono wangu, ambao ulikuwa ukiandika kwa ajili ya mashine, ukaandika 10:02.

Niliviweka vitu hivyo viwili pamoja, karatasi yangu na mstari wa mashine. Kwa mashine ilikuwa saa kumi ya usiku. Jua lilikuwa limenikaa shingoni.

Nikaitazama tena ile saa ndogo ya pembeni mwa skrini. Ilisema 4:02. Nilikuwa nimeitazama tangu jana mara nyingi nisizoweza kuzikumbuka, na kila mara ilinipa saa sahihi, nami nikaipokea bila shaka yoyote, kwa kuwa ilisema nne na ilikuwa ni saa nne. Hiyo ndiyo ajabu niliyobaki nayo maishani. Tarakimu zilizokuwa katika kumbukumbu nilizisoma kama msomi, nikazibadili. Tarakimu zilezile zilizokuwa pembeni nilizisoma kama mtu wa nyumbani, sikuzibadili. Jicho moja, skrini moja, na hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Wala si kichwani mwangu tu: watu wote wa chama walikuwa wakiitazama saa ile kila siku na kuisifu kwamba haikosei.

Saa ya mashine ilikuwa imerudishwa nyuma saa sita. Mtu alikuwa ameifundisha Kiswahili.

"Nani anajua neno la siri la kubadili saa?" niliuliza, ijapokuwa jibu nilikwisha kulihisi.

"Mama Mwenyekiti peke yake," alisema mpiga chapa. Akaziba mdomo kwa kiganja, na juu ya kiganja macho yakaanza kucheka. "Mwalimu. Nani atamwambia?"

Mama Mwenyekiti aliingia kabla hatujaafikiana. Tulisimama wote wawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Nasikia linaunguruma. Mmemkamata mwizi?"

"Mama, tulikuwa tunaitazama saa hii ya pembeni," nilisema, nikitafuta njia.

"Hiyo? Hiyo nimeirekebisha mwenyewe." Alivuta kiti. "Kabla ya masika. Ilikuwa haina adabu hata kidogo. Nafungua mlango saa mbili asubuhi, watoto wanakwenda shule, yenyewe inaniambia saa nane! Nikasema hapana. Mimi nimegonga kengele miaka yote ile, siwezi kukaa chumba kimoja na saa ya uongo. Yule kijana alikuwa ameniachia neno la siri. Nikaingia, nikaiweka sawa. Tangu siku hiyo haijakosea hata dakika moja."

"Na mashine ilianza kuumwa lini, Mama?" aliuliza mpiga chapa, kwa sauti ya kitoto kabisa.

"Kabla ya ma—"

Sanduku liliendelea kuunguruma kwa niaba yetu sote. Nilimweleza habari za mfagiaji, kwa maneno machache na kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya: kwamba mtumishi huyo hajui lugha yetu, anajua tarakimu, kwamba akiambiwa nne, huamini kwamba usiku wa manane umepita na watu wamelala. Nilimweleza pia kwa nini mpiga chapa alionekana kuingia kazini saa nane ya usiku, na kwamba mweka hazina ana nia ya kulisema hilo kikaoni.

Aliitazama skrini kwa muda mrefu, kama mwalimu anayelisoma daftari la mwanafunzi mkaidi, akitafuta kama kuna chembe ya hoja ndani yake.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "yenyewe ilikuwa inasema kweli kwa lugha yake, mimi nikaisahihisha kwa lugha yangu."

"Ndivyo, Mama."

"Nami niliwachapa watoto wangapi kwa kosa la namna hiyo?" Akacheka, kicheko kirefu cha tumboni, mpaka mama wa vitumbua akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Kikao kilianza saa tano. Mweka hazina alikuwa ameshika karatasi zake, amevaa kanzu safi tayari kwa sala ya Ijumaa, na nakumbuka kwamba uso wake haukuwa na furaha. Nadhani alikuwa ameipata hoja ambayo hakuipenda. Mwenyekiti hakumpa nafasi. Alisema kabla ya ajenda ana ungamo, kwamba aliyeitia mashine ugonjwa ni yeye, akaeleza yote, kengele na adabu na mfagiaji, bila kujipunguzia kitu.

Mweka hazina alisikiliza akikunja paji la uso. "Sawa, Mama. Lakini ile saa nane ya usiku? Nimeiona kwa macho yangu."

"Wewe si ulifundisha hesabu?" alisema mwenyekiti.

Mweka hazina akazitazama karatasi zake.

"Ongeza sita, mtani," alisema mpiga chapa kutoka kwenye benchi, kwa ukarimu mkubwa.

Tulimwona akihesabu. Mbili na sita. Nane kwa tarakimu za mashine, ambayo kwa kinywa chetu ni saa mbili asubuhi, saa ambayo kila mtu chumbani humo alikuwa amemwona mpiga chapa akiingia kazini tangu aajiriwe. Mweka hazina alifumba macho, akaziweka karatasi zake kifudifudi juu ya meza.

"Nimeliwa," alisema.

"Mtani akiliwa hulipa," alisema mwenyekiti. "Kesho chai ya saa nne utaileta wewe, uimimine wewe, na umpelekee mezani kwake. Ajenda ile ya kuendelea au kutoendelea naifuta. Anaendelea. Kuna mwenye neno?"

Hakuwepo.

Alasiri hiyo niliirudisha saa ya ndani ya mashine kwenye hesabu ya dunia. Mfagiaji nilimhamishia saa saba mchana, wakati watu wanapokwenda kula na kuswali, kwa kuwa usiku mashine huzimwa na asingepata kufagia kamwe. Ilibaki saa ya pembeni. Mama Mwenyekiti alisema ameelewa na amekubali, lakini nilimwona akiitazama ile tarakimu ya kumi na tano kama anayemtazama mgeni aliyeketi bila kukaribishwa. Kwa hiyo nilifanya jambo moja zaidi, ambalo Linux huliruhusu kwa urahisi wa kushangaza. Saa ile ya pembeni, peke yake, niliipa ukanda wake wa saa, usiokuwa wetu kwenye ramani yoyote, ili ioneshe wakati kama tunavyoutamka, huku mashine yote ikiendelea kwa hesabu yake. Mama Mwenyekiti aliisoma: tisa na dakika kumi.

"Sasa ina adabu," alisema.

Sikuondoka siku hiyo. Nilijiambia kwamba ni desturi ya kitaalamu kumtazama mgonjwa siku inayofuata. Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye benchi la wateja. Saa ya pembeni ikafika nne, ikaipita. Sanduku likabaki kimya. Mpiga chapa alikuwa amefika kwenye swali la maziwa makuu, vidole vyote kumi vikienda, na mkao wake ulikuwa wa mtu aliyesahau kwamba kuna kitu kinaitwa saa.

Mweka hazina akaingia, chupa ya chai kwapani, kikombe kimoja mkononi na vitumbua vimefungwa katika karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita. Alijongea hadi mezani, akasimama wima kama Wakili.

"Chai, mtani. Saa nne imefika."

Mpiga chapa hakugeuka. "Nisubiri kidogo, mtani. Nina mstari mmoja."

Akasubiri, kikombe mkononi, mtani wake akamaliza mstari ule, kisha akaanza mwingine.